Siku Moja ya Pikipiki na Marafiki Milimani Oaxaca, Meksiko: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kundi likifika Meksiko na pikipiki, tamaa ya kwanza ni kutaka kuimaliza nchi. Mtu anafungua ramani, anaona mji wa Oaxaca (hutamkwa Wahaka) na bahari havijaachana sana, anapanga kilomita 400 kwa siku na kuwaambia wenzake ni kazi nyepesi. Milimani kule kilomita hazikwambii kitu. Kinachohesabika ni kona, na kona zenyewe hazina mwisho.

Mwongozo huu ni wa safari fupi: kutoka mji wa Oaxaca, kupanda milima ya Sierra Norte kwa barabara namba 175, kupita Guelatao na Ixtlán de Juárez hadi Capulálpam de Méndez, kisha kurudi siku hiyohiyo. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 150. Umbali huo unaijaza siku vizuri kama mnataka kula mkiwa mmekaa, kusimama penye mandhari, na kuwa mmerudi mjini kabla ya giza.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha siku

Kiangazi huanza Novemba hadi Aprili. Barabara ni kavu na anga ni safi, lakini asubuhi za Desemba na Januari zina baridi ya kweli kule juu. Mvua ni kuanzia Juni hadi Oktoba hivi, nayo ina desturi yake: asubuhi jua, baada ya saa sita mawingu yanakusanyika, alasiri inamwagika. Kwa hiyo hata masika unaweza kwenda, mradi uondoke mapema na uwe umeanza kurudi saa nane mchana.

Hesabu mwanga pia. Mwaka 2022 Meksiko iliacha desturi ya kusogeza saa mbele miezi ya joto, hivyo Oaxaca jua huzama kama saa kumi na mbili jioni Desemba, na karibu saa moja usiku mwezi Juni. Usiku barabara hizi si za mgeni. Kuna mbwa, ng'ombe, lori bovu lisilo na taa, na mawe yaliyoporomoka.

Machi 21 ni siku aliyozaliwa Benito Juárez, rais wa zamani wa Meksiko na mzaliwa wa Guelatao, na kijiji hujaa wageni. Kama unapenda shamrashamra, nenda siku hiyo. Kama unataka barabara, chagua siku nyingine, tena ya katikati ya wiki.

Hatua ya 2: Pikipiki na makaratasi

Mwenye pikipiki yenye namba za nje, sema za Marekani, anahitaji kibali cha kuiingiza kwa muda, ambacho hutolewa na benki ya Banjercito, pamoja na bima ya Meksiko. Bima ya Marekani haitambuliki huko. Wengine wote mtakodi mjini. Beba pasipoti, leseni ya pikipiki (ya gari peke yake haikufai), leseni ya kimataifa kama unayo, na kadi ya benki kwa ajili ya amana. Kabla ya kutia saini uliza jambo moja: bima ya mtu wa tatu imo? Meksiko, ajali yenye majeruhi inaweza kumweka dereva mahabusu hadi ijulikane nani mwenye kosa, na bima ndiyo humtoa haraka.

Ukubwa wa injini? Peke yako, cc 150 inatosha ukiwa na subira. Ukibeba mtu, chukua 250 au zaidi, kwa sababu mji uko mita 1,550 juu ya bahari na barabara inapanda hadi mita 2,700 hivi. Hewa huko ni nyembamba, na pikipiki ya kabureta hulegea. Usimdharau anayekodi Italika ndogo. Ni chapa ya Meksiko yenyewe, iko kila kijiji, na fundi yeyote wa njiani anaijua hadi skrubu ya mwisho. Pikipiki kubwa ya bei mbaya ikikwama Ixtlán, spea zake huenda ziko mji mkuu.

Kagua mwenyewe: tairi, mnyororo, breki zote mbili, taa, honi. Piga picha kila mchubuko mbele ya mwenye mali.

Hatua ya 3: Pangeni kundi usiku wa kuamkia safari

Hapa ndipo siku nyingi za pikipiki huharibikia, na hakuna barabara wala mvua ya kulaumu. Watu sita wenye uwezo tofauti wanaondoka pamoja, wawili wa mbele wanakimbizana, wa nyuma anajilazimisha kuwafikia, na kona ya kumi anajikuta kwenye changarawe.

Wanne hadi sita ni kundi zuri. Mkizidi hapo, gawanyikeni mara mbili na mkutane kwenye chakula. Mteueni kiongozi mmoja na wa mwisho mmoja. Kiongozi si lazima awe fundi wa kona kuliko wote. Awe mtu anayetazama vioo vyake. Wa mwisho ndiye awe mzoefu, abebe spana, kifaa cha kuziba pancha, pampu na sanduku la huduma ya kwanza, maana yeye ndiye atakayemkuta kila aliyesimama.

Anayeendesha polepole kuliko wote akae wa pili, nyuma ya kiongozi. Wengi hufanya kinyume, wanamtupa nyuma kabisa kwa kuona wanamwonea huruma. Akikaa wa pili, kiongozi anapima mwendo kwa kumtazama yeye, na kundi zima linakuwa salama.

Sheria ya njia panda: hakuna kukata kona ya kuacha barabara kuu hadi aliye nyuma yako akuone. Ukifika penye kugeuka, simama pembeni panapoonekana, msubiri anayekufuata, akikuona ndipo uendelee. Kila mtu akimwangalia wa nyuma yake tu, hapotei mtu, hata simu zikiwa hazina mtandao. Na zitakosa. Telcel ndiyo yenye minara mingi vijijini, lakini kwenye mabonde ya Sierra hata yenyewe hukatika. Pakueni ramani mkiwa bado hotelini.

Kwenye barabara iliyonyooka pangeni mwendo wa kupishana, mmoja kushoto mwa njia yenu na anayefuata kulia, sekunde mbili kati yenu. Kona zikianza, kuweni mstari mmoja mrefu, kila mtu na nafasi yake. Na kupita gari ni uamuzi wa kila mtu peke yake. Rafiki aliyekwisha kupita asikupungie mkono kwamba njia ni nyeupe. Yeye haoni unachokiona wewe.

Mkubaliane ishara chache za mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia uko kwenye mafuta: kiganja kikishuka chini ni punguza mwendo, kidole kikionyesha lami ni hatari, mkono ukigusa tanki ni nahitaji petroli.

Hatua ya 4: Saa moja asubuhi, kituo cha mafuta

Kutanikeni kwenye kituo cha mafuta upande wa mashariki wa mji, kwenye barabara namba 190. Kila mtu afike tanki lake likiwa linasubiri kujazwa pale pale, ili wote muanze na hesabu moja. Petroli ya kawaida inaitwa Magna, yenye alama ya kijani, na Premium ni nyekundu. Nyeusi ni dizeli, usiguse. Hujazi mwenyewe. Mhudumu hujaza, na kabla hajaanza utazame pampu iko sifuri (yeye mwenyewe mara nyingi atakuonyesha: *ceros*). Sema *lleno, por favor* ukitaka tanki zima, na mwachie sarafu kidogo.

Toeni pesa taslimu mjini, za noti ndogondogo. Vibanda vya milimani havina mashine ya kadi, na noti ya peso 500 kwa chakula cha watu wawili inamfanya mama wa watu azunguke kijiji kizima kutafuta chenji.

Nguo: vaa tabaka. Kupanda kutoka mjini hadi La Cumbre, kilele cha barabara hii, hupunguza joto kama nyuzi saba, na ukiongeza upepo wa mwendo, jaketi lililokuchosha kwenye taa za barabarani utalishukuru baada ya nusu saa.

Hatua ya 5: Barabara na tabia zake

Meksiko huendesha kulia. Wasomaji wa Kongo, Rwanda na Burundi waruke aya hii. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tusidhani hatari iko kwenye barabara yenye magari, kwa sababu pale unafuata wenzako. Hatari iko baada ya mapumziko: umeshiba, unatoka kwenye kibanda, barabara ni tupu, na mwili unajiendea kushoto kama ulivyozoea. Kundi likubaliane kuwa anayeondoka wa kwanza aseme "kulia!" kwa sauti. Ni mchezo wa kitoto, nao hufanya kazi.

Kilomita chache nje ya mji, kabla ya kufika Santa María del Tule, barabara 175 inachepuka kushoto kuelekea milimani. Mti wa Tule, ahuehuete wenye shina nene kuliko mti wowote duniani, uko mbele kidogo kwenye ile 190. Mkiwa na haraka uacheni kwa jioni.

Sasa matuta. Huitwa *tope*, na ndiyo askari trafiki wa kweli wa Meksiko ya vijijini. Ukiona nyumba, tafuta tuta. Ukiona shule, tafuta mawili. Mengine yana kibao cha njano na rangi, mengine yamejengwa na wanakijiji wenyewe baada ya mtoto kugongwa, bila rangi wala kibao. Baya kuliko yote ni lile lililo chini ya kivuli cha mti, ambalo macho yaliyotoka juani hayalioni hadi umelifikia. Funga breki kabla ya kulifikia, ziachie gurudumu la mbele linapoanza kupanda, inuka kidogo kwenye vikanyagio, na lipande moja kwa moja. Ukilipanda kimshazari penye maji, rangi yake inateleza.

Jambo jingine la kujua kabla hujaondoka ni indiketa ya kushoto. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto katikati ya pori, mara nyingi dereva anakwambia: pita, mbele ni kweupe. Ni ukarimu wa barabarani. Tatizo ni kwamba indiketa hiyohiyo inaweza kuwa na maana ya kwamba anageuka kushoto kuingia shambani kwake. Kwa hiyo ichukue kama ushauri, usiichukue kama ruhusa. Tazama breki zake, tazama kama kuna njia ya vumbi upande wa kushoto, na usipite kamwe kwenye kona. Na wewe unapotaka kugeuka kushoto, usisimame katikati ya lami ukiwasha indiketa, kwa sababu wa nyuma atadhani unampisha. Vuta pembeni kulia, subiri pande zote ziwe tupu, kisha kata.

Kona zenyewe: kwenye kona ya kushoto ukilala, kichwa na bega vinavuka mstari wa katikati hata kama matairi hayajavuka, na basi linaloteremka halina pa kukukwepea. Baki nje zaidi kuliko unavyotamani. Kwenye kona ya kulia ukuta wa mlima uko upande wako, na chini yake kuna mchanga, majani makavu ya misonobari na kokoto zilizodondoka usiku. Ingia taratibu, toka ukiwa umeshaona mwisho. Kwenye miteremko tumia gia ndogo, injini ikushikilie, breki zipumue.

Ukungu wa La Cumbre ukiwafunika, washeni taa, punguzeni mwendo, lakini msisimame barabarani. Tafuteni kibanda.

Hatua ya 6: Vituo, na chakula

La Cumbre ni pa kahawa. Agiza *café de olla*: hupikwa kwenye chungu cha udongo pamoja na mdalasini na sukari guru, nayo huletwa ikiwa moto wa kuunguza vidole vilivyoganda. Ukiingia na kukuta watu wanakula, waambie *provecho* hata kama huwajui, na useme tena unapotoka. Kupita mezani kimya ni ukosefu wa adabu.

Memela za moto zikiwa zimeiva, kula. Ni mkate mnene wa mahindi uliochomwa juu ya bamba la udongo, ukapakwa maharage na kunyunyiziwa jibini. Tahadhari kwa Waislamu: kile kipakwa cha kahawia kinachoenda chini ya maharage, *asiento*, ni masalio ya mafuta ya nguruwe, na maharage yenyewe mara nyingi hukaangwa kwa mafuta hayo. Sema *sin asiento, sin manteca*, na uulize kuhusu maharage. *Tasajo* ni nyama ya ng'ombe, lakini *cecina*, ambayo sehemu nyingine za Meksiko ni ya ng'ombe, Oaxaca ni ya nguruwe. Samaki aina ya trauti, anayefugwa kwenye maji baridi ya milimani, humalizia mjadala wote. Panzi wa kukaangwa kwa kitunguu saumu, ndimu na pilipili pia wapo, na aliyekulia Bukoba akila senene hatahitaji kushawishiwa.

Kutoka La Cumbre barabara inateremka kwa muda mrefu hadi mtoni, kisha inapanda tena kwenda Guelatao. Simameni hapo kando ya ziwa dogo la kijiji. Benito Juárez, mtu wa kabila la Wazapoteki aliyezaliwa hapo mwaka 1806 na akafiwa na wazazi akiwa na miaka mitatu, alichunga kondoo wa mjomba wake milima hii. Mwaka 1818, akiwa na miaka 12, alishuka kwa miguu hadi mji wa Oaxaca, njia hiihii mliyopanda kwa injini, wakati huo hajui Kihispania. Akaja kuwa rais wa Meksiko kuanzia 1858 hadi kifo chake mwaka 1872.

Ixtlán ipo juu kidogo tu. Kanisa lake la Santo Tomás lina madhabahu zilizopambwa kwa dhahabu ndani, na nje utaona malori ya magogo. Misitu hapa ni mali ya jumuiya: wanakijiji wenyewe huamua kwenye mkutano wao mti gani ukatwe, na wana kiwanda chao cha samani. Ndiyo maana msiingize pikipiki kwenye njia za msituni bila kuuliza. Hakuna pori lisilo na mwenyewe. Katikati ya kila kijiji mtakuta uwanja wa mpira wa kikapu, mchezo unaopendwa sana Sierra nzima. Usiegeshe humo, hata ukiuona mtupu.

Capulálpam ndiyo mwisho wa safari. Egesheni chini, tembeeni kwa miguu kwenye vichochoro vya mawe, kuleni chakula cha mchana. Miguu ikiuma kuna kituo cha tiba za asili. Utaona bajaji zikibeba akina mama na mizigo yao, zilezile za India unazozijua, ila hapa huitwa *mototaxi*.

Mezcal, pombe kali ya huku, iachwe hadi jioni, kwa kila mtu, bila mjadala. Atakayekaribishwa na mwenyeji anunue chupa, aifunge kwenye begi.

Hatua ya 7: Mkikwama

Pancha: tafuta tairi lililotundikwa kando ya barabara na neno *vulcanizadora* au *llantera*. Huyo ndiye fundi. Mafuta yakiisha, uliza dukani. Vijijini huuzwa kwenye madumu, ghali kidogo.

Kizuizi cha jeshi: ondoa mikono mfukoni, funua uso, jibu unatoka wapi na unakwenda wapi, usipige picha.

Kamba iliyokatizwa barabarani na watu wenye kopo ni jambo jingine. Ni mchango wa kijiji, labda wa barabara, labda wa sherehe. Sarafu chache zinatosha, pamoja na salamu. Na kuna *bloqueo*, wananchi au walimu waliofunga barabara kwa madai yao kwa serikali, jambo la kawaida sana Oaxaca. Zima injini, vua helmeti, salimia, uliza itafunguliwa saa ngapi. Mara nyingine wenye pikipiki huruhusiwa kupita wakizisukuma kwa mkono. Usijaribu kupenya pembeni kwa nguvu. Ukiambiwa hapana, tafuta kivuli.

Kwa dharura piga 911. Ángeles Verdes, malori ya kijani ya wizara ya utalii, husaidia walioharibikiwa kwenye barabara kuu za shirikisho mchana, unawapata kwa 078, na kazi yao ni bure isipokuwa spea na mafuta. Ajali ikitokea pigia pia kampuni ya bima mkiwa palepale, kwa sababu hutuma mtu wao eneo la tukio. Wa kwanza kusimama amtazame majeruhi, wa pili akazuie magari kabla ya kona.

Hatua ya 8: Kurudi

Ondokeni Capulálpam saa nane. Kona zilezile sasa ziko upande wa pili, mwili umechoka, tumbo limejaa, na jua linawapiga usoni. Kiongozi apunguze mwendo kuliko asubuhi, na msimame tena La Cumbre hata kama hakuna aliyeomba.

Mkifika mjini kabla ya giza, jazeni mafuta, futeni mnyororo, rudisheni pikipiki mchana ungalipo na muonyeshe picha zile za asubuhi. Chukueni risiti ya amana. Hesabu za chakula, petroli na pancha ya fulani zigawanywe usiku huohuo, kila mtu akiwa bado anakumbuka alikula nini. Baada ya hapo ile chupa ya mezcal inaweza kutoka kwenye begi.